Kurasa Mbili Kabla ya Reli

Alhamisi, 1 Agosti 1974

Nimerudi jana kutoka semina ya Tumbi. Wiki mbili za kufundishwa namna ya kufundisha watu wazima kusoma, na saa moja tu iliyonifaa: ile ya mkufunzi mwenye miwani aliyetueleza jinsi mtu anavyomaliza kitabu. Alisema saa ileile, kiti kilekile, kila siku ya Mungu, iwe homa iwe harusi. Tena akasema tuandike kwa majina ya kweli ya watu tunaowajua, maana jina la kubuni humfanya mtu sanamu. Majina yabadilishwe mwishoni, kitabu kikishakwisha. Wenzangu walisinzia. Mimi niliandika kila neno.

Basi sheria ni hii. Saa kumi na moja alfajiri niko mezani, mpaka reli igongwe. Reli yetu ni kipande cha chuma kilichotundikwa mbele ya ofisi ya kijiji; ikilia saa kumi na mbili na nusu, wote shambani. Kurasa mbili kabla ya reli. Shindano la riwaya linafungwa 30 Septemba. Nina miaka thelathini na minane na sijamaliza kitu chochote ila mitihani ya ualimu. Safari hii namaliza, hata kama ni kufa.

Alfajiri nimepata nusu ukurasa. Aibu. Mchana mgambo wakachoma nyumba ya mzee Saburi kule bondeni. Watu wa bonde wamehamishiwa hapa tangu Juni, sasa mahame yanachomwa ili mtu asipate pa kurudia. Nilikwenda kutazama. Mkewe, Sikudhani, alitaka kuingia kuokoa kinu chake. Hemedi, kamanda wa mgambo, akampiga rungu la mgongo, akaanguka kifudifudi na mchanga ukamjaa mdomoni. Nilisimama karibu hata nyusi zikaungua. Nikarudi mbio, nikaandika kurasa tatu bila kufuta neno.

Jumamosi, 3 Agosti

Jirani yangu Mwinyijuma anapasua kuni alfajiri. Nilimwomba juzi. Nilimwomba jana. Leo sikuomba.

Nilitoka na singlendi, nikamnyang'anya shoka nikalitupa kwenye mihogo, nikampiga ngumi mbili za uso. Ya kwanza kwa hasira. Ya pili sijui ya nini. Jino likatoka. Alikaa chini pale penye kuni, akalitema kwenye kiganja, akalitazama.

Hemedi akaja na vijana wake wawili. Nilijua nitalala stoo ya kijiji, maana ndiyo mahabusu yetu. Lakini Hemedi ni mwanafunzi wangu. Akamwambia Mwinyijuma kwamba Mwalimu anaandika kazi ya taifa, kuni apasue jioni. Mwinyijuma akasema sawa, jino moja si kitu, yamebaki mengine. Aliniambia hata shikamoo, mtu aliyenizidi umri.

Mkono umevimba. Kurasa mbili kamili hata hivyo.

Jumanne, 6 Agosti

Darasa la alasiri bandani. Watu ishirini na sita, wengi wamechoka, wamekula uji wa unga wa njano wa msaada na wanaukejeli. Sikudhani anaandika amesimama kwa sababu mgongo haukubali kukaa. 

Hemedi ndiye fahari yangu. Januari alikuwa anashika kitabu juu chini. Leo amesoma mistari minne ya somo la pamba, kidole cha shahada kikitambaa chini ya kila silabi, jasho likimtoka kuliko siku anayopiga watu. Alipomaliza alitazama huku na huku kama mtu aliyeua simba. Mzee mmoja akacheka. Hemedi akainuka, akamzaba kofi, akarudi kukaa, akaomba radhi kwangu. Kwangu, si kwa mzee.

Aliniuliza taratibu kama kuna kitabu kingine baada ya hiki. Nikamwambia vipo vingi mno, hatavimaliza. Alifurahi kama mtoto.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimempata Saburi.

Hajahama. Jina lake limo kwenye orodha ya kijiji, nyumba yake ni majivu, na mwenyewe yuko kulekule bondeni, kwenye kichaka cha mikorosho nyuma ya makaburi ya wazee wake. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka sura ya nne nikamwona juu ya mnazi. Nusura anirushie kotama, kile kisu chao kilichopinda cha kugemea. Nikasema shikamoo mzee, ni mimi, Mwalimu. Akashuka.

Nikamuuliza kwa nini hahami kama watu wengine. Akanishangaa. Akasema, "Mwalimu, mnazi unaogemwa hukatwa asubuhi na jioni. Kila siku. Ukiuacha siku tatu karara linalotoa tembo linakauka, basi, umekwisha huo. Kutoka kijijini mpaka hapa ni saa mbili. Ninyi mnagonga chuma mnataka niwe shambani. Nitakata saa ngapi?"

Ana minazi kumi na saba. Hajakosa hata jioni moja tangu mwaka wa uhuru, isipokuwa siku aliyomzika mamaye, na hata siku hiyo alipanda baada ya mazishi. Nilikaa pale nikamsikiliza kama ninayesikiliza Injili. Huyu ndiye mwandishi, si sisi tuliokwenda semina. Nilimwambia hivyo, akacheka, akasema mgema nikimsifu nitakunywa maji. Tembo lake halikuwa na maji.

Ameniapisha nisimwambie mtu. Anayejua ni Sikudhani tu, na Mwinyijuma anayekuja kununua kibuyu kimoja kila Jumatatu. Nimeapa kwa Bikira Maria.

Jumatano, 14 Agosti

Siku tano mfululizo kurasa tatu, jana nne. Saburi amekijaza kitabu. Nimeandika kotama, nimeandika makaburi, njia inayopita mikorosho, namna anavyokohoa akipanda. Vyote kama vilivyo, na jina lake. Nilijaribu kumwita "Mzee Pazi" kwa aya moja, akafa papo hapo kwenye karatasi. Nikafuta.

Nimegundua jambo jingine, na kwa kuwa hapa hasomi mtu nitaliandika. Siku mgambo wasipompiga mtu, kalamu ni nzito. Jumatatu walimchapa kijana viboko kumi na viwili kwa kukosa reli, nguo ikagandia kwenye damu, wakaibandua na ngozi. Jumanne kurasa nne. Leo kijiji kimetulia, watu wanapalilia, na mimi nimepata mistari sita mibaya. Nilijikuta nachungulia dirishani, nasubiri kelele.

Mungu anisamehe. Kitabu kinakwenda.

Jumapili, 18 Agosti

Kibaha kwa Bertha, mke wangu. Yeye ni muuguzi, anaishi nyumba za watumishi, na mimi natoka kijijini kwetu Marui mara moja kwa mwezi kama mpangaji. Nimenunua kalamu na daftari jingine kubwa pale kituoni Kwa Mathias.

Usiku alisoma daftari lote la kwanza. Asubuhi akaniwekea chai na kusema ni kizuri, kizuri kweli, hata amelia. Kisha: "Baba Tereza, haya majina utayaacha hivihivi?"

Nikamweleza sheria ya mkufunzi.

Akasema, "Mkufunzi anaishi na Hemedi? Umeandika mpaka njia. Umeandika Jumatatu nani anakwenda."

Nikamwambia Hemedi hasomi maandishi ya mkono. Akaniuliza nani anamfundisha. Hapo nikapandwa na hasira. Niliinua mkono, naye akainua birika la maji ya moto, na tukasimama hivyo katikati ya chumba, watu wazima wawili wenye mtoto wa miaka tisa. Alisema nikimgusa ataninyonyoa kama kuku. Nikashusha mkono.

Nimerudi na basi la kwanza mpaka Mlandizi, halafu kwa miguu na lifti ya trekta. Alfajiri ya leo sikuandika hata neno. Ni siku ya kwanza kukosa. Nimemkasirikia kwa hilo kuliko kwa maneno yake.

Jumanne, 20 Agosti, alfajiri

Niandike kwa utaratibu.

Saa kumi na mbili kasoro nilitoka kwenda chooni. Daftari nililiacha wazi mezani. Nikarudi, Hemedi yuko ndani, amekikalia kiti changu. Alikuja kunijulisha kwamba leo reli itagongwa mapema. Kidole cha shahada kinatambaa juu ya mwandiko wangu. Midomo inacheza.

Nitasema ukweli: kitu cha kwanza nilichosikia ni furaha. Mwanafunzi wangu anasoma mwandiko wa mkono! Hakuna mwalimu wa wilaya hii mwenye mwanafunzi kama huyo. Nilisimama mlangoni natabasamu.

Ndipo nikasikia anachosoma. "Nyu-ma ya ma-ka-bu-ri. Sa-bu-ri."

Alifika mwisho wa ukurasa. Akainuka, akanirudishia kiti kwa adabu. Akasema, "Ahsante Mwalimu. Nimesoma ukurasa mzima peke yangu." Akatoka.

Bondeni ni saa mbili kwa kutembea, saa moja na kidogo nikikimbia. Mgambo hawatoki kabla ya reli, lazima wahesabu watu kwanza. Nikiondoka sasa nitawatangulia. Lakini labda hakuelewa. Mtu anayesoma silabi silabi akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo, tumefundishwa hivyo Tumbi. Na ukurasa wangu wa pili umebaki robo tu. Nimekosa Jumapili, nikikosa na leo mazoea yamevunjika.

Nimalize robo hii, kisha niende.

Jumatano, 21 Agosti

Nilichelewa.

Nilimaliza robo, reli ikalia, nikatoka mbio; sikujua kwamba safari hii mgambo walishatoka kabla ya reli, bila kuhesabu mtu. Nilipofika kwenye mikorosho nilisikia mashoka. Walikuwa wanaangusha minazi. Kumi na saba yote. Tembo lilikuwa linamwagika kwenye mchanga na nyuki wamejaa.

Saburi alikuwa juu walipofika. Wakamwambia ashuke, akasema bado miti mitatu. Wakaanza kuukata mnazi alioupanda. Akashuka kabla haujaanguka, akashuka na kotama mkononi, na Hemedi alipomkamata shingo alikata mara moja tu, alivyozoea kukata. Vidole viwili vya mkono wa kulia. Cha shahada na cha kati. Nilikiona cha shahada kwenye nyasi, kina wino.

Halafu wakampiga. Vijana sita. Vitako vya bunduki, marungu, mmoja kwa ubapa wa panga. Hakupiga kelele, alikuwa anakohoa tu kama akipanda. Walimfunga kamba ya katani, wakamburuta mpaka kijijini ili watu wamwone, na mbele ya ofisi, chini ya ile reli, wakaanza upya. Kichwa kilitoa sauti ya dafu. Sikudhani alijitupa juu yake, wakampiga naye, wakachoka, wakaacha. Mwanafunzi wangu mwingine, yule mzee wa kofi, alinitazama akasema, "Mwalimu, sema neno, wewe wanakusikia." Nilifungua mdomo. Sikusema.

Alfajiri ya leo nimeandika kurasa saba. Kurasa saba! Sijui nilivyofika mwisho. Machozi yalikuwa yananidondoka na mkono hausimami.

Alhamisi, 22 Agosti

Lori la ushirika la kuwapeleka hospitali Kibaha ni moja, kwa hiyo wamepanda pamoja. Saburi amelazwa juu ya magunia ya mihogo mikavu, hana fahamu, sikio linatoa maji. Pembeni yake Hemedi, mkono umefungwa kanga ya mkewe, kanga imelowa. Wameegemeana kila lori likiruka shimo. Mimi na Sikudhani tumekaa miguuni.

Karibu na Mzenga Hemedi alifumbua macho akaniangalia. "Mwalimu, umenifundisha vizuri," akasema. Hakuwa ananisuta. Sikudhani hakumwelewa, alidhani ni homa.

Njiani Sikudhani akaninong'oneza kwamba anamjua aliyesema. Ni Mwinyijuma. Nani mwingine alikuwa anakwenda kule kila Jumatatu? Tena juzijuzi alikuwa anazungumza na Hemedi nje ya nyumba yangu, siku ile ya jino, Hemedi amemshika bega. Alinieleza yote kwa hesabu nzuri, hatua kwa hatua, kama nilivyomfundisha kujibu maswali ya ufahamu. Kila hatua ilikuwa sahihi. Mwishoni aliniuliza, "Siyo, Mwalimu?"

Nikamwambia apumzike.

Tulipofika Mlandizi lori lilisimama kuongeza maji. Akashuka, akawaita kaka zake watatu dukani, akawaambia. Niliona midomo yao. Mkubwa, Mbaraka, alikuja akanishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kumsindikiza dada yao.

Ijumaa, 23 Agosti

Saburi amekufa saa saba mchana, watu wakitoka msikitini. Bertha alikuwa zamu. Alimfumba macho yeye mwenyewe.

Alikuja kunitafuta nje, nimekaa kwenye ngazi na daftari. Hakunigombeza, ingawa jana usiku nilimweleza yote, hata wanachodhani kaka zake Sikudhani. Ningefurahi angenigombeza. Akasema, "Waambie."

Nikasema wataniua.

Akasema, "Wataua mtu. Wewe chagua nani."

Nikamwambia nitasema kesho, baada ya kuzika.

Jumamosi, 24 Agosti

Tumemzika Mlandizi kwa wakwe zake, maana bondeni hakuruhusiwi tena, hata kwa maiti. Nilishika jeneza upande wa kushoto, nyuma ya Mbaraka. Shingo yake ilikuwa hapo mbele ya macho yangu, njia nzima. Sentensi ni fupi tu: alisoma kwenye daftari langu. Maneno manne. Nimeandika maneno elfu thelathini mwezi huu.

Baada ya dua Mbaraka akasema mbele ya ndugu kwamba kesho baada ya swala ya alfajiri wanakwenda Marui kwa baiskeli. Hakusema kufanya nini. Ndugu yake alikuwa ananoa panga kwenye kizingiti, taratibu, na wanawake wakapita wakiinua miguu kulikwepa.

Nilipomweleza Bertha jioni, alivaa viatu akaenda Kwa Mathias, akazungumza na dereva wa lori la ushirika linalorudi Marui kesho. Nafasi ya mbele. Linaondoka saa kumi na mbili na nusu, linafika kabla ya baiskeli. "Humsemi mtu," aliniambia. "Huwezi, nimekuona. Basi nenda tu, mtoe Mwinyijuma nyumbani, mpakie, mlete hapa." Mwanamke huyu amenishushia mzigo mpaka umekuwa wa kubebwa na mtoto. Nimemwahidi. Nimeapa.

Jumapili, 25 Agosti, Kwa Mathias

Nimefika saa kumi na moja kasoro, wa kwanza kabisa. Dereva amelala kwenye usukani. Nimeweka begi langu nafasi ya mbele, nimekaa kwenye benchi la muuza chai na daftari jipya, kwa kuwa ndiyo saa yake. Haidhuru kitu. Lori halitoki mpaka saa kumi na mbili na nusu, na mkono umezoea.

Sikukusudia kuandika hili. Nilianza na baiskeli tatu, umande, taa ya dinamo. Zikaenda zenyewe. Wakafika, wakagonga, naye akafungua akidhani ni mimi nimekuja kudai kimya. Akawaambia karibuni. Nimeandika Mbaraka anavyoitikia salamu kwanza, kwa sababu ni mtu wa heshima. Nimeandika pigo la kwanza lilivyogota kwenye mwimo wa mlango, la pili halikugota. Nimeandika mikono yake ilivyoinuka na ilivyobaki. Pengo la jino linavyoonekana mdomo ukifunguka. Jina lake liko kila mstari, Mwinyijuma, Mwinyijuma, na mara hii hata sikutaka kulibadilisha kwa majaribio. Kurasa tano. Sijapata kuandika kitu kama hiki. Mkufunzi akisoma atasimama.

Dereva ameamka, amenawa uso kwa maji ya kopo. Amewasha injini. Saa ya muuza chai inasema kumi na mbili na ishirini na tano.

Umebaki mwisho tu. Anaanguka vipi, kwa mbele au kwa ubavu, na nani anamwona. Nikiinuka sasa utapotea, najua, nimewahi kupoteza kwa kuinuka. Dakika tano zinatosha kama nikiacha kuandika shajara hii na kurudi kule kitabuni.

Dereva ameita, "Mwalimu, unakwenda huendi?" Nimemwonyesha kiganja, asubiri.

Amepiga honi. Abiria wa nyuma wananung'unika, mama mmoja anasema huyo mwenye madaftari aachwe, watu wana mazishi. Bado naweza. Si hatua thelathini.

Utingo amefungua mlango wa mbele, ametoa begi langu, ameliweka chini kando ya lami, vizuri, limesimama. Sasa anamwashiria mama yule apande mbele.